Mwalimu akiugua, darasa linabaki na nani? Maoni ya mzazi kuhusu shule moja ya Ilemela

Wazazi wakitafuta shule ya kumpeleka mtoto hapa Mwanza huuliza mambo yaleyale: imeshika nafasi ya ngapi kimkoa, ada inalipwa kwa awamu ngapi, gari linafika Buswelu au linaishia Nyakato, chakula cha mchana kipo? Mimi nina watoto watatu kwenye shule moja ya msingi ya kutwa upande wa Ilemela, na siku hizi mtu akiniomba ushauri namwambia aanze na swali jingine. Mwalimu akiugua wiki mbili, darasa lake linabaki na nani? Na mtoto akiugua wiki mbili, siku anarudi anakuta amewekewa nini? Shule nyingi zenye majengo mazuri zinababaika hapo. Hii ya wanangu nayo ilibabaika, korona ikaibana, ikajifunza. Nimeona niandike nilichokiona, kizuri na kibaya.

Jina la shule sitaliweka. Nitaeleza habari za walimu walioumwa, na mtaani kwetu ukishataja shule umeshataja watu. Ni shule ya mchepuo wa Kiingereza, kuanzia awali hadi darasa la saba, kila darasa lina mikondo miwili. Ipo chini ya yale mawe yetu makubwa na ukisimama getini unaliona ziwa. Mimi nauza dagaa kwa jumla Mwaloni, Kirumba. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walikuwa darasa la pili korona ilipoingia, na mwaka huu wa 2025 wapo la saba. Mdogo wao yupo la pili.

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza shule zifungwe. Tuliambiwa siku thelathini, zikaongezwa, na watoto wa msingi wakarudi madarasani tarehe 29 Juni. Ukilinganisha na majirani zetu, ulikuwa muda mfupi. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, madarasa yote hayakufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Kwa hiyo mtu akiniambia korona iliharibu masomo kwa sababu shule zilifungwa, kwa huku kwetu namjibu kwamba hilo ni sehemu ndogo ya habari. Kilichotuumiza zaidi kilikuja shule zikiwa wazi: kengele inagonga, watoto wamevaa sare, na meza ya mwalimu haina mtu.

Miezi ile ya kufungwa shule ilianza vibaya. Walikuwa wanatuma maswali kwenye grupu la WhatsApp, karatasi imepigwa picha kiupande, nusu ipo kivulini, haisomeki. Simu ninayo mimi Mwaloni, watoto wapo nyumbani na bibi yao. Nikirudi jioni wote tumechoka. TBC ilirusha vipindi vya masomo vya Taasisi ya Elimu Tanzania na tulivifuata, lakini mtoto wa darasa la pili akikwama hawezi kuiuliza redio.

Kilichookoa ni gari la shule. Dereva alianza kupita njia yake ya siku zote kila Jumatatu asubuhi, gari halina mtoto hata mmoja, anaacha bahasha za kaki kwenye kila kituo anachopakilia. Ijumaa anapita kuzikusanya. Ndani mna kazi za wiki hiyo, pamoja na za wiki iliyopita zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu na mwalimu ameandika maneno mawili matatu chini. Doto alikuwa anasoma kwanza yale maneno ya mwalimu ndipo aangalie alama. Kwa hilo naipa shule sifa zote, maana mzazi asiye na simu kubwa alihudumiwa sawasawa na mwenye nayo.

Kwa walimu hali ilikuwa nyingine. Ada zilikoma kuingia, na wazazi wengi siwalaumu, biashara zilikuwa zimelala. Shule ikakata mishahara. Mwalimu wa Hisabati wa wanangu alinifuata Mwaloni, akanisalimia kwa adabu, akasimama pembeni mpaka wateja wakapungua.

"Mama Kulwa, nikopeshe gunia moja tu la dagaa. Nikiuza Misungwi nakuletea hela yako Jumamosi."

"Mwalimu, na darasa?"

"Darasa lipo, mama. Mshahara ndio haupo."

Alinilipa mpaka shilingi ya mwisho. Shule zilipofunguliwa hakurudi kufundisha, na hakuwa peke yake, walimu watatu waliondoka kwa mtindo huo. Hili nalihesabu kama kosa kubwa la uongozi. Huwezi kumwachia mtu njaa miezi mitatu kisha ukategemea akusubiri. Tulianza muhula tukiwa na pengo kabla hata ugonjwa haujamgusa mwalimu yeyote.

Kipindi kigumu kabisa kilikuwa mwanzoni mwa 2021. Mjini korona watu walikuwa wanaiita changamoto ya upumuaji, na kila nyumba ukipita inanuka mvuke wa limao na majani ya mkaratusi. Shuleni kwetu walimu wanne walikosekana kwa mpigo, wawili wanaumwa, wawili wanauguza. Nilipeleka daftari la Kulwa alilokuwa amelisahau nikakuta mikondo yote miwili ya darasa la tatu imo chumba kimoja. Dawati la watu wawili wamekaa wanne, madirisha ya upande wa mvua yamefungwa, mwalimu amesimama mbele kazi yake ni kutuliza kelele tu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa taaluma.

"Mwalimu, huu ugonjwa unapita kwenye pumzi. Mbona mmewarundika hivi?"

"Mama Kulwa, nifanyeje? Vyumba ninavyo, watu sina."

Sikumwona kama mtu mzembe. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Lakini kuunganisha madarasa ndiyo dawa ya haraka ambayo kila shule huikimbilia, na kwenye ugonjwa wa kuambukiza kwa hewa ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtoto mmoja akikohoa umeshapoteza mikondo miwili badala ya mmoja. Nilimwambia hivyo, na wazazi wengine nao walikuwa wamesema. Tukaitwa kikao, nje, chini ya mwembe.

Pale ndipo shule ilipoanza kubadilika. Waliamua watoto wasihame, ahame mwalimu. Vyumba viwili vya darasa moja vimepakana, kipindi ni dakika 40, basi mwalimu aliyebaki anaeleza somo upande mmoja dakika ishirini, anaacha zoezi, anavuka upande wa pili. Chumba asichokuwepo anakaa karani au matroni, hafundishi, anaangalia tu. Somo linakuwa fupi, sikatai. Lakini linakuwa somo.

Na wakaanzisha mafaili. Hili ndilo jambo ninalotaka wazazi na walimu wa shule nyingine walisome vizuri. Kila mwalimu, kwa kila somo na kila mkondo, anaacha ofisini faili ambalo mtu mwingine yeyote mzima anaweza kuingia nalo darasani. Nimelishika moja mkononi, la Hisabati darasa la tatu. Ni faili la kaki la kawaida, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Karatasi ya kwanza ina mchoro wa darasa: nani anakaa wapi, nani haoni vizuri ubaoni, nani ana pumu na dawa yake ya kuvuta ipo kwa matroni. Ya pili inaonyesha somo limefikia ukurasa gani na zoezi lipi limeshasahihishwa, na hiyo inaandikwa upya kila Ijumaa. Baada ya hapo kuna vipindi kumi, kila kimoja kinajitegemea: mfano wa kuandika ubaoni, maswali machache, majibu nyuma ya karatasi. Mwishoni kuna karatasi yenye mistari mitupu, ambapo aliyeingia badala ya mwalimu anaandika amefundisha nini na nani hakuelewa.

Karatasi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niuamini mpango mzima. Nilikuta imejazwa na mhasibu wa shule, yule tunayempelekea risiti za benki, aliyeingia darasani siku ambayo mwalimu na mwenzake wa somo wote hawakuwepo. Aliandika kwamba amefundisha nusu na robo, na kwamba watoto wanne wanadhani robo ni kubwa kuliko nusu kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 2. Chini akaorodhesha majina manne. La Doto lilikuwemo. Mwalimu aliporudi kazini, kabla hajaendelea na somo jipya, aliwaita hao wanne mezani na karatasi ya kukunja. Mhasibu si mwalimu na hakujifanya mwalimu. Alipewa njia ya kuingilia na njia ya kutokea, akaifanya kazi kwa uaminifu.

Walimu nao walipangwa wawili wawili kwa masomo. Kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani mmoja anapitia faili la mwenzake, kwa hiyo akiitwa ghafla Jumatatu haingii akiwa gizani.

Kulikuwa pia na mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, mzee anayeheshimika, aliyejitolea. Hapa wazazi tuligawanyika, na mimi nilikuwa upande wa wenye wasiwasi. Wazee ndio korona ilikuwa inawaua zaidi, na chanjo ilikuwa bado haijafika nchini. Rais Samia alizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021. Unamchukuaje mzee wa watu unamweka kwenye chumba cha watoto arobaini ili kuziba pengo la mwalimu kijana anayeumwa ugonjwa huohuo? Shule ilisikia. Mzee alifundishia barazani, ubao umeegemezwa ukutani, watoto kwenye mabenchi yaliyoachanishwa, na mvua ikinyesha kipindi kinaahirishwa, haingii ndani. Watoto walimwita Babu Mwalimu. Alimaliza msimu ule salama, na chanjo ilipofika alikuwa kwenye kundi la mwanzo kwa umri wake.

Mtego huo hata nchi tajiri zimeuingia. Uingereza, Desemba 2021, wimbi la Omicron lilipokuwa linapanda, serikali iliwaomba walimu waliostaafu na walioacha kazi warudi kwa muda. Marekani, jimbo la New Mexico, Januari 2022, gavana Michelle Lujan Grisham aliwaomba askari wa akiba wa jimbo waingie madarasani kushika nafasi za walimu, na yeye mwenyewe akajiandikisha akafundisha watoto wadogo. Huwa nawatajia wazazi wanaodhani walimu wetu walikosekana kwa uvivu. Pengo la mwalimu lilikuwa kila mahali. Tofauti ilikuwa mtu anayeingia kuliziba amepewa nini mkononi.

Kwenye kikao kilekile chini ya mwembe mzazi mmoja aliuliza swali ambalo uongozi haukulipenda: mwalimu akibaki nyumbani anaumwa, analipwa? Ikajulikana kwamba walimu wenye mikataba mifupi walikuwa wanakatwa. Basi hapo umeshajua kwa nini mwalimu anakuja kazini anakohoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Mwenye shule alikubali mbele yetu kwamba hakuna atakayekatwa tena. Nimewauliza walimu kwa nyakati tofauti na wananiambia ahadi imeshikwa. Kwangu hilo limelinda watoto kuliko ndoo zote za maji tiririka zilizopangwa getini.

Kwa upande wa wanafunzi, jambo la kwanza walilofanya ni kufuta zawadi ya mahudhurio. Zamani siku ya kufunga shule mtoto asiyekosa hata siku moja alipewa madaftari na kupigiwa makofi. Kulwa alikuwa anaitamani zawadi ile kiasi cha kuficha homa. Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba tunafuga utoro. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono, maana mtoto hatakiwi kupongezwa kwa kuja shule akiwa mgonjwa.

Badala yake rejista inafanyiwa kazi kweli. Inaitwa saa mbili asubuhi, na kabla ya saa tatu na nusu simu imeshapigwa kwa kila mzazi ambaye mtoto hayupo. Wanauliza tu: anaumwa, ana msiba, au ametoka nyumbani na hajafika? Majibu hayo matatu yana safu tatu kwenye rejista. Anayeumwa haandikwi pamoja na mtoro.

Anayeanza kukohoa akiwa shuleni anatengwa kwenye chumba cha pembeni, mzazi anaitwa. Hapa nina malalamiko. Mwaloni asubuhi, magari yakipakia, huwezi kusikia simu, na Kulwa aliwahi kukaa peke yake kwenye kile chumba mpaka saa nane mchana, hana hata kitabu. Sasa fomu ina nafasi ya kuandika watu wawili wengine wa kumchukua mtoto, lakini ilichukua muda mrefu mno kufika hapo.

Siku ile shule ilitaka pacha wote wawili wabaki nyumbani, kwa kuwa wanalala kitanda kimoja. Doto alilia, yeye haumwi. Uamuzi ulikuwa sahihi. Kazi zao zililetwa kila jioni na binti wa jirani wa darasa la tano, anaacha bahasha gengeni, naichukua nikipita. Waliporudi hawakupewa jaribio lolote siku tatu za kwanza, na mwalimu wa darasa alikaa nao wakati wa chai kuwaonyesha walipoachwa. Lakini waliambiwa pia wanakili madaftari yote waliyoyakosa, somo kwa somo. Kunakili kurasa hamsini hakumfundishi mtoto chochote, kunamchosha mkono na kumnyima usingizi. Nimelisema vikaoni na bado halijabadilika.

Mwanzoni mwa 2024 ulipoingia ugonjwa wa macho mekundu niliona mpango ukifanya kazi bila mtu kupaniki. Watoto walibaki nyumbani, walimu walibaki nyumbani, mafaili yakatoka kabatini, rula na penseli za kuazimana zikapigwa marufuku. Hakuna darasa lililounganishwa.

Msomaji atasema hii ni shule ya kulipia. Ni kweli, na jambo hilo linanigusa, kwa sababu mdogo wangu anafundisha shule ya serikali huko Ukerewe, darasa lake lina watoto zaidi ya mia moja, na mwalimu mmoja akiumwa pale hakuna mhasibu wala karani wa kukaa chumba cha pili. Nilimpelekea mpangilio wa faili. Ameutengenezea kwenye kaunta buku moja la masomo yake yote, linakaa kwa mwalimu mkuu. Alipougua malaria mwenzake aliingia nalo. Haliongezi walimu, na walimu ndio wanaotakiwa kuongezwa. Ila siku ile watoto mia moja walisoma.

Narudi kwenye shule yetu, kwa yanayonikera sasa. Tuisheni ya Jumamosi ya kufidia vipindi vilivyopotea inatozwa hela, wakati vipindi vile tulishavilipia kwenye ada. Mwalimu anayeshika madarasa mawili kwa wiki nzima halipwi hata posho ndogo, anaambiwa asante kwenye paredi. Na kubwa zaidi, mafaili yanachakaa. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na mdogo wao kina Kulwa, aliyekuwa la kwanza mwaka ule, yupo humo. Muhula huu niliomba nilione faili la mkondo wake, nikapewa lenye kurasa za kitabu cha zamani. Mtu akiingia nalo darasani kesho atapotea na watoto watapotea. Mwalimu wa taaluma ameahidi yatakuwa tayari muhula ukifunguliwa, na nimemwambia nitakuja kuyaona.

Pamoja na hayo yote, ningempeleka mtoto mwingine pale, na jirani yangu nimeshamshauri ampeleke wake. Ukienda kutembelea, usiende siku ya mahafali. Nenda siku ya kawaida, saa nne asubuhi, uulize ni mwalimu gani hayupo leo, kisha uombe uonyeshwe chumba chake na faili lake. Wakikuzungusha, na kwa shule yoyote nyingine ya hapa mjini wakikuzungusha, usilipe hela ya fomu.